Tuliuliza Bei, Tukasahau Kumuuliza Mpasuaji

Mwaka jana, baada ya sala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Tanga ilikaa kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni macho ya mzee wetu aliyewasomesha Qur'ani watoto wa mtaa huu kwa zaidi ya miaka 30. Baadhi yetu tunaoketi katika kamati hiyo tumepita mikononi mwake. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisomesha kwa hifadhi tu, mus-haf ukiwa wazi mbele yake kwa adabu, na watoto walikwisha ng'amua kwamba akikohoa ni kwa sababu ukurasa ameuona mweupe mtupu. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yote mawili.

Tulichangishana. Orodha ikaandikwa na katibu, majina yakabandikwa ubaoni kama ilivyo ada yetu, na fedha zikatimia ndani ya wiki mbili. Kisha tukauliza maswali mawili: ni shilingi ngapi, na ni lini. Tulikuwa tumesikia kwamba kuna watu waliofika mjini kwa siku chache wakifanya upasuaji wa macho kwa bei nafuu. Tukampeleka. Hatukuuliza jina la atakayeshika kisu, hatukuuliza amesomea wapi, wala hatukuuliza ni nani atakayemwangalia mgonjwa wakishaondoka. Usiku wa siku ya tatu jicho la kulia lilianza kumuuma, likamkesha. Tulipiga simu kwa namba tuliyopewa, haikupokelewa. Tukamwambia avumilie, kwani kidonda lazima kiume. Tulipomfikisha kwa daktari mwingine ilikuwa siku ya sita, usaha umejaa ndani ya jicho, na nuru yake haikurudi tena.

Hatuandiki haya kwa kumshitaki mtu. Upasuaji wowote una hatari zake, na hata mkono hodari hufikwa na msiba. Twaandika kwa sababu sehemu ya kosa lile ni yetu, sisi tulioshika fedha za Waislamu tukadhani kwamba wajibu wetu unaishia katika kulipa. Mzee alibakiwa na jicho moja, nalo lina ukungu vilevile. Hilo likiharibika hakuna la tatu. Hapo ndipo tulipojifunza kuuliza.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi, maana mengi husemwa vibarazani. Nyuma ya mboni ya jicho ipo lenzi ndogo iliyo safi kama kioo. Umri ukisonga, au kwa kisukari, au kwa jeraha, lenzi hiyo hufifia na kugeuka rangi, na mwanga hauipenyi tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Hakuna dawa ya matone, asali, maji ya mmea wala kidonge kinachoweza kuirudishia usafi wake, na anayekuuzia dawa ya kumyeyusha mtoto wa jicho anakula fedha zako na kukupotezea muda. Tiba ni kuitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia mahali pake. Aliyetangulia kuweka lenzi ya bandia jichoni ni daktari Mwingereza, Harold Ridley, jijini London mwaka 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa vita havikuyachokoza macho yao. Leo kazi hiyo huchukua nusu saa au pungufu, jicho limetiwa ganzi na mgonjwa mwenyewe yu macho akisikia kila neno.

Ufupi huo ndio unaotuhadaa. Kwa kuwa ni kazi ya dakika chache, twadhani kila aliyevaa koti jeupe aiweza. Lakini lenzi ya jicho imefungwa ndani ya kifuko, na utando wa nyuma wa kifuko hicho ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Mpasuaji hana budi kuitoa lenzi na kukiacha kifuko kikiwa kizima, kwani humo ndimo lenzi mpya itakamokaa. Utando ule ukichanika, ute wa ndani ya jicho husogea mbele, na hatari ya uvimbe, ya usaha na ya kubanduka kwa pazia la nyuma ya jicho huongezeka. Mzoefu hukichana kifuko mara chache sana, na siku kikimchanikia, anajua la kufanya papo hapo. Asiye mzoefu hukichana mara nyingi zaidi, kisha hufadhaika.

Tuliporudi kwa mzee kumweleza habari ya jicho la pili, alikataa. Alitukumbusha Hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya pepo aliyoahidiwa mja anayesubiri baada ya kuondolewa vipenzi vyake viwili, yaani macho. Akatukumbusha pia habari ya Ibn Abbas (r.a.), ambaye imepokewa kwamba alipopofuka aliambiwa atibiwe kwa sharti asali amelala kwa siku kadhaa, naye hakuridhia. Hatukuwa na uso wa kubishana naye. Mwisho akasema, "Wanangu, mara ya kwanza mlinipeleka hospitali. Mkitaka nende tena, nileteeni mtu. Nimjue ni nani, na mkono wake ukoje."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuweka sawa, nasi tukayafanyia kazi.

Palikuwa na wajumbe wawili waliosema kwamba kumhoji daktari ni kumvunjia heshima, na mmoja akaongeza kwamba mwenye kutawakali hahoji. Tuliwajibu kwa yale tuliyosomeshwa vyuoni. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba mtu mmoja alijeruhiwa zama za Mtume (s.a.w.), wakaitwa watu wawili wa Banu Anmar wamtazame, naye Mtume akawauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa utabibu. Angeweza kumwachia majeruhi yeyote kati ya wawili wale, lakini aliulizia ujuzi kwanza. Na katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba anayejitia katika utabibu ilhali hakujulikana kwa utabibu, basi madhara yatakayotokea ni dhamana yake. Mafakihi wamejenga juu ya Hadithi hii mlango mzima wa hukumu. Sasa, utajuaje kwamba fulani anajulikana kwa kazi yake pasipo kuuliza?

Na Waislamu wa kale hawakuuchukulia upasuaji wa jicho kuwa jambo jepesi. Katika karne ya 12 huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na mafundi, na ndani yake akaagiza kwamba waganga wa macho watahiniwe kwa kitabu cha Hunayn ibn Ishaq kuhusu jicho kabla ya kuruhusiwa kugusa jicho la mtu. Akawaonya watu dhidi ya waganga wa macho wa barabarani, wasio na dini ya kuwazuia wasiyavamie macho ya watu kwa visu vyao. Kabla yake, Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri wakati wa al-Hakim, alikuwa amebuni sindano yenye uwazi ndani, akaitumia kumfyonza mtoto wa jicho, na akaandika habari za wagonjwa aliowatibu. Twamtaja kwa sababu hiyo ya kuandika. Mpasuaji anayeweka kumbukumbu za kazi yake ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Katibu na kijana mkubwa wa mzee wakasafiri bila mgonjwa. Tanzania si nchi isiyo na wataalamu wa macho: Hospitali ya KCMC ya Moshi imesomesha madaktari wa macho kwa miaka mingi, Dar es Salaam wapo CCBRT na Muhimbili, na Zanzibar ipo Mnazi Mmoja. Tulikokwenda hatutakutaja, kwa kuwa makala haya si tangazo, na kwa kuwa daktari aliye hodari leo mahali fulani huenda kesho akahamishwa. Ndugu msomaji, jina la hospitali peke yake halikutoshi, kwa sababu hiyo hiyo.

Swali letu la kwanza lilikuwa: ni nani hasa atakayeshika kisu? Hospitali zinazofundisha zina wanafunzi, na wanafunzi hupasua wakisimamiwa. Hilo si aibu, kwani kila bingwa tunayemsifu alijifunza katika jicho la mtu. Lakini mgonjwa aliyebakiwa na jicho moja ana haki ya kuomba mkubwa wao, na madaktari waungwana hulikubali ombi hilo bila kununa. La pili: amesajiliwa wapi, na kwa kazi gani? Huku Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wapo madaktari bingwa wa macho, na wapo madaktari wasaidizi waliosomea upasuaji wa mtoto wa jicho. Wapo pia wapimaji wa miwani, watu wa maana sana, ila kupasua si kazi yao. Watu wetu huwachanganya wote watatu kwa jina moja la "daktari wa macho".

Hata hivyo, cheo pekee si kipimo. Daktari msaidizi anayefanya kazi hii kila wiki huenda mkono wake ukawa mwepesi kuliko wa bingwa anayeingia chumba cha upasuaji mara moja moja. Ndiyo maana swali la tatu lilikuwa zito kuliko yote: kwa mwaka mmoja unapasua macho mangapi? Kuna utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, ukachapishwa mwaka 2007. Miongoni mwa wapasuaji waliofanya kati ya 50 na 250 kwa mwaka, wagonjwa kama 8 kati ya kila 1,000 walipatwa na madhara makubwa. Miongoni mwa waliopindukia 1,000 kwa mwaka, aliyepatwa ni kama mmoja kati ya 1,000. Kanada si Tanga, twajua, lakini mkono wa mwanadamu ni mkono huo huo, hulainishwa na mazoea.

Daktari wa kwanza tuliyemwona alicheka, akasema yeye katika maisha yake hajawahi kupata tatizo hata moja. Tukamshukuru, tukaondoka. Asiyewahi kupatwa na tatizo, ama amepasua wachache mno, ama hahesabu. Wa pili alikuwa mama mmoja mtulivu. Hakukasirika. Alifungua daftari lake, akatutajia idadi ya mwaka uliopita pasipo kusita, kisha, bila kuulizwa, akatutajia na vifuko vilivyomchanikia na hali ya wagonjwa wale hivi sasa. Kijana wa mzee alimtazama katibu, na katibu naye akamtazama, wala hapakuhitajika mashauri marefu.

Tukamuuliza pia juu ya matokeo. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo ambacho kila familia inaweza kukikariri: baada ya upasuaji, angalau wagonjwa 80 kati ya 100 waweze kuona kiwango cha 6/18 au bora zaidi kwa miwani waliyonayo, na wanaobaki chini ya 6/60 wasizidi 5 kati ya 100. Yeye aliijua hesabu ya kitengo chake. Ukimuuliza mtu swali hili akakujibu "wote wanaona vizuri", hajakujibu.

Alipokuja mzee mwenyewe, tuliona tofauti ya pili. Mara ya kwanza alitazamwa kwa tochi, akaambiwa apande kitandani. Safari hii alikaa nusu siku akipimwa. Walipima sukari na presha ya damu. Walipima shinikizo la jicho. Walilitazama pazia la nyuma kadiri ukungu ulivyoruhusu, kwa kuwa lenzi mpya haimsaidii mtu ambaye pazia lake au mshipa wa jicho lake umekwisha haribika, naye ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajauza mbuzi wake. Walipima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele, kwa sababu nguvu ya lenzi hukokotolewa kwa kila mgonjwa peke yake, na kuwawekea watu wote lenzi ya nguvu moja ni sawa na kuwanunulia mahujaji wote viatu vya namba moja.

Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mzee wangu, unatumia dawa za tezi dume?" Mzee aliinama, maana kijana wake yupo pale. Alikuwa akizitumia, kwa siri. Daktari akatueleza kwamba dawa ya aina hiyo, hususan iitwayo tamsulosini, huilegeza mboni wakati wa upasuaji ikawa inasinyaa na kupepea, na kwamba mpasuaji akijua mapema hujiandaa, asipojua hushtukizwa. Jambo hili lilielezwa katika majarida ya kitabibu tangu mwaka 2005. Basi enyi vijana wenye wazee, wekeni dawa zote za mzazi wenu katika mfuko mmoja mkaende nazo, wala msimtegemee yeye azitaje.

Tulikuwa tumesikia pia sifa za "leza", na baadhi ya wafadhili wetu walitaka kujua kama fedha zao zingetosha kwa njia hiyo ya kisasa. Nyingi ya mashine hizo si leza hata kidogo, bali huivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu dogo. Ni njia nzuri. Lakini ipo ya mkono, ambayo lenzi hutolewa nzima kupitia mkato mdogo usiohitaji kushonwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Nepal, ulioilinganisha na ile ya mashine, ulikuta zote mbili zina matokeo mazuri sana, huku ya mkono ikiwa ya haraka na ya gharama ndogo. Kwa lenzi iliyokomaa na kuwa ngumu, kama za wazee wetu wengi wanaochelewa, wapasuaji wengi huichagua ya mkono. Kwa hiyo usiichague mashine ukamwacha mtu. Muulize ni njia ipi aliyoizoea zaidi, umwache aifanye hiyo.

Na wala asielewe mtu kwamba tunazipiga vita kambi za macho. Zipo kambi, zikiwemo zinazogharamiwa na jumuiya za Kiislamu, ambazo zimewarudishia nuru maelfu ya watu wasiokuwa na nauli ya kufika mjini, na wapasuaji wake ni mahiri kwa sababu ya wingi huo huo wa kazi. Anayewaalika watu wa kambi na awaulize kabla hawajashusha vyombo: mkiondoka, nani anabaki? Yupo daktari wa macho wa wilaya aliyekabidhiwa majina ya wagonjwa? Jicho linalouma zaidi badala ya kupoa, linalozidi kuwa jekundu, au lililoona jana na leo halioni, ni la kupelekwa siku ile ile, hata kama ni usiku, hata kama ni Idi. Tuliambiwa hivyo na yule mama mara tatu, na mara ya tatu akamwandikisha kijana namba yake ya simu mbele yetu, akaipiga tuisikie ikilia.

Lilibaki suala la sala, ambalo kwa mzee lilikuwa kubwa kuliko kisu. Daktari alimtaka asiinamishe kichwa na asitie jicho maji kwa siku atakazomwambia. Tulimwendea imamu. Akasema kuwa Ibn Abbas alichagua lake, lakini Imam Nawawi na wengineo katika madhehebu yetu ya Shafii wameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mgonjwa wa jicho, akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa atapona kwa kusali amelala, inajuzu afanye hivyo. Seuze mtu anayeambiwa aketi kitini na kuashiria kwa kichwa kwa siku chache! Kuhusu udhu, ataosha viungo vilivyo salama, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Mzee akauliza, "Na huyo tabibu ni mwaminifu?" Tukamweleza habari ya daftari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi twendeni."

Tuseme na hili, kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na familia. Tulipoyapitia majina ya watu tuliowahi kuwachangia matibabu ya macho, wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, ilhali mtoto wa jicho haujui uume wala uke. Tafiti za nchi nyingi zetu zinaeleza hivyo hivyo. Bibi asiyeona huambiwa kazi yake ni kukaa tu, basi akae. Wengine huzuiwa kwa kuwa mpasuaji ni mwanamume, na hapo dharura ina hukumu yake, imamu wenu yupo, muulizeni.

Mzee alipasuliwa Jumanne. Kesho yake bandeji ilipotolewa hakusema kitu. Aliutazama mkono wake kwanza, akaugeuza juu chini. Jicho la kulia limebaki vile vile, na litabaki hivyo. La kushoto, baada ya wiki sita na miwani ya kusomea, linaufuata mstari wa mus-haf bila kukohoa.

Ijumaa aliyorudi msikitini alisimama ubaoni muda mrefu akisoma ile orodha ya waliomchangia, jina kwa jina. Tulidhani anatuombea dua. Kisha akamwita katibu. "Mbona mama watoto wangu humu hayumo? Alitoa elfu kumi, mara zote mbili." Tulitafuta kalamu, tukaliandika jina lake pale pale, mzee amesimama nyuma yetu akiangalia kama tumelipatia herufi.